Marudio: Chapa ya Pili na Shaba ya Macalder

Uhakiki wa picha nyeusi na nyeupe una mazoea ya kukimbilia neno "ndoto". Panapotokea umbo lisilo na uso, au giza lisilo na chanzo, msanii huambiwa ameota, na mjadala wa maudhui hufungwa papo hapo. Sifa hiyo ina hasara: anayeota halazimiki kujibu chochote.

Monotaipu ndiyo fani inayoponzwa zaidi na neno hilo. Bamba la shaba au zinki hupakwa wino. Msanii hufuta kwa kitambaa, kidole au kijiti, na kila palipofutwa huwa mwanga. Giovanni Benedetto Castiglione aliitumia mbinu hii katika miaka ya 1640, naye Edgar Degas akaiendeleza tangu miaka ya 1870. Karatasi ya kwanza huondoka na wino mwingi, lakini utando hubaki bambani. Degas aliuchapa tena, akapata picha ya pili iliyofifia, na mara nyingi akaipaka rangi za pasteli. Ule ukungu unaosifiwa kuwa ndoto ni mabaki ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Huko Macalder, Nyatike, katika kaunti ya Migori, hoja hii haihitaji nadharia. Mgodi wa shaba uliofungwa katikati ya miaka ya 1960 uliacha malundo ya mchanga uliokwisha kusagwa, na watu wamerudi kuusafisha upya kwa ajili ya dhahabu iliyosazwa. Wachimbaji wadogo wa Tanzania huuita mchanga wa aina hiyo "marudio", neno ambalo mhakiki wa fasihi angelidhani ni lake peke yake. Aoshaye marudio haoti. Anajua kuwa chapa ya kwanza ilichukuliwa na mwingine.

Kwa jicho hilo atazamwe Mkenya Peterson Kamwathi, aliyezaliwa mwaka 1980, anayefahamika kwa chapa za mbao na michoro ya makaa. Katika mfululizo wake *Sitting Allowance* (2009), uliotokana na uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyofuata, watu wamepangwa safu, kimya, kana kwamba wamo usingizini. Atakaye ndoto ataipata. Ila jina la mfululizo ni posho ya vikao, msamiati wa daftari la mhasibu, nalo lamtaka mtazamaji aulize safu ile inalipwa kwa kazi gani, na fedha zatoka mfukoni mwa nani.