Jibu Lisilo na Njia: Orodha ya Mersenne ya Mwaka 1644

Kila mwalimu wa hesabu amepata kuletewa kibao chenye jibu tu, pasipo njia. Jibu huenda likawa sahihi, lakini mwalimu hawezi kulisifu. Kosa hilo limo hata katika kitabu cha mtu mwenye sifa kubwa, nacho ndicho nitakachokipima hapa.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alipiga chapa kitabu kiitwacho Cogitata Physico-Mathematica. Katika dibaji alitaja namba zipatikanazo hivi: shika 1, uiongeze maradufu mara kadha wa kadha, kisha utoe 1. Ukiongeza mara 3 wapata 7, nayo ni namba tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ukiongeza mara 11 wapata 2047. Hiyo si tasa, maana ni 23 mara 89. Mersenne alisema ya kuwa, tangu mara 2 hata mara 257, zitoazo namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu.

Njia hakuionyesha. Tena mwenyewe alikiri kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20, kama ni tasa au sivyo, ni kazi isiyotoshewa na wakati wote. Basi tazama ile ya mara 67: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21! Aliijuaje?

Zaidi ya miaka 200 ikapita. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa, alithibitisha ya kuwa namba hiyo si tasa, ila hakutaja vigawanyo vyake. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alivileta mbele ya chama cha wanahesabu wa Marekani: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Hapo ndipo penye uzuri wa kazi ya Cole. Mwenye kalamu na saburi aweza kuzizidisha mwenyewe, asimsadiki mtu kwa ajili ya jina lake.

Orodha ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuandikwa, na 61, 89 na 107 ziliachwa.

Je, tumdharau Mersenne? La, hasha. Swali lake lilikuwa jema, likawapa wenye akili kazi ya miaka 300. Hata mwaka 1947 ndipo orodha ilipokwisha kuhakikiwa yote. Namba za namna hiyo zaitwa kwa jina lake hata leo, nayo ni heshima ya haki. Lakini dibaji yake imepungukiwa na neno moja dogo, nalo ni “nadhani”. Kama angaliliandika, tusingalikuwa na la kumlaumu.

Basi mwanao akikuletea jibu, usitazame jibu peke yake. Mwulize, “Umelipataje?” Na sisi walimu tukiulizwa vivyo hivyo, tusikasirike.