Raku, Ufinyanzi wa Moto wa Ghafla

Raku ilizaliwa Kyoto, Japani, katika karne ya 16, mfinyanzi Chōjirō alipomfinyangia Sen no Rikyū, bingwa wa chai, mabakuli ya mkono yasiyopitia gurudumu. Bakuli jeusi huchomolewa tanurini kwa koleo likingali jekundu, likapoa hewani. Ukoo wa Raku, warithi wa Chōjirō, ungali unayafinyanga mabakuli hayo Kyoto.

Desturi ya kukitia chombo moshi, hata hivyo, ni ya Marekani: mwaka 1960, mfinyanzi Paul Soldner alikitumbukiza chombo cha moto katika majani makavu. Moshi huingia kwenye nyufa za utando wa kioo unaofunika chombo na kuuchora udongo mistari myeusi. Kwa uchomaji huu wa haraka, karakana za jamii zinastahili pongezi: mwanagenzi huchoma pamoja na fundi na kuona matokeo siku hiyohiyo. Chombo kilichotiwa moshi hivyo, kwa kawaida, huvuja. Ni pambo tu.