Mabati Nayo ni ya Victoria

Kila nikipanda matatu kutoka Junda kwenda mjini, makanga hupiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" na watu wanashuka bila hata kuinua macho. Kengele yenyewe ipo. Ilikuwa ikipigwa kuwatahadharisha wakazi wa Frere Town majahazi ya wauza watumwa yakionekana. Leo ni jina la steji.

Naanzia hapo kwa sababu mitandaoni siku hizi kuna mtindo: picha ya nyumba kuukuu, veranda pana, madirisha marefu, bati lenye kutu, na chini yake mtu kaandika, "Ya Kivictoria hii, jamani, isibomolewe." Mimi pia sitaki ibomolewe. Lakini sababu inayotolewa, ati ni nzuri na ni ya Kizungu, hainiingii.

Hebu tuuangalie huo Uvictoria. Malkia Victoria alitawala 1837 hadi 1901, na Frere Town ilianzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka 1875, kwa hiyo kwa tarehe tuko sawa. Kwa umbo je? Nyumba ya London ya enzi hiyo ni matofali, dohani, na vyumba vilivyobanana kukimbia baridi. Nyumba za kale za pwani ni kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko, mti uleule unaoota kwenye hori letu hapa Junda. Bangalo, jina na umbo, limetoka India. Kitu cha Victoria hasa ni mabati: yalipewa hataza London mwaka 1829, kisha enzi yake ikayatawanya duniani. Kama kigezo ni hicho, basi nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita pale kwetu, choo nje, nayo ni urithi. Sifanyi mzaha.

Na njia iliyoleta bangalo ndiyo iliyoleta watu. Wale walioitwa Wafrika wa Bombay walitekwa wakiwa wadogo, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakapelekwa Nasik, India, wakafundishwa useremala na uhunzi, halafu baadhi yao wakarudishwa Mombasa. Ukiona fremu ya dirisha la zamani Frere Town, kabla ya kuuliza ni mtindo gani, uliza randa ilikuwa mkononi mwa nani.

Hapo fasihi inatusaidia, na inatuponza pia. James Juma Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. (Marehemu Leonard Mambo Mbotela, yule wa Je, Huu ni Ungwana?, ni wa ukoo huohuo.) Mbotela anasimulia kutekwa kwa namna inayokukaba koo. Kisha meli ya Waingereza inatokea, na kalamu inapiga magoti: Mwarabu shetani, Mwingereza malaika. Ndivyo tunavyozisoma na nyumba. Veranda ni nzuri, basi aliyekaa verandani alikuwa mwema. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa Frere Town, J. R. Streeter, alilaumiwa kwa kuwachapa viboko watu haohao waliokuja kutafuta uhuru. Mtu aliyetoroka shamba la bwana wake akala fimbo kwa mkombozi wake: hilo halitoshei kwenye picha ya Instagramu.

Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inaruhusu jengo litangazwe kuwa mnara wa kihistoria kupitia Gazeti la Serikali. Sawa. Ila nyumba za udongo na makuti za waliokombolewa hazikudumu, kwa hiyo tukihesabu majengo yaliyosimama tu, tutamhifadhi bwana na kumsahau mtumishi.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Bomoeni, wekeni flati, watu wanatafuta pa kulala." Sina jibu jepesi. Yeye analipa kodi kila mwezi, mimi bado niko kwa mama. Nilimwomba kimoja tu: kabla ya nyundo, mtu apime vyumba, apige picha boriti, akakae barazani na wazee wa Kisauni aandike majina wanayoyakumbuka. Akaniuliza nani atamlipa huyo mtu. Matatu ikafika Kengeleni, akashuka.