Msondo, Sikinde na Kalamu ya Shabiki

Ukurasa wa kata ya Kinyangiri katika Wikipedia ya Kiswahili ni mfupi: jina la wilaya, jina la mkoa, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Hata hapo tarehe ina kazi yake. Wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012, kwa hiyo andiko la zamani linaloiweka Kinyangiri chini ya Iramba halijakosea.

Kurasa za bendi za dansi zinahitaji uangalifu huohuo, na ndipo wahariri wengi wa kujitolea wanapoteleza. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi nayo ikaitwa Juwata, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Ukiandika kwamba Msondo Ngoma ilirekodi wimbo wa miaka ya 1960, umeivisha bendi jina ambalo haikuwa nalo. Tumia jina la wakati ule, fafanua kwamba ndiyo Msondo ya leo, kisha majina ya zamani yaelekezwe kwenye ukurasa huohuo mmoja.

Kwa waimbaji kazi ni ngumu zaidi. Muhidin Gurumo alitoka Juwata mwaka 1978 akajiunga na bendi mpya ya Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, mwaka 1985 akahamia bendi ya Safari Sound, baadaye akarudi Msondo. Anayetambua sauti yake redioni hawezi kwa hilo pekee kutaja bendi. Lazima ajue wimbo ulirekodiwa lini, na kwa nyimbo nyingi za enzi hizo rekodi ya kutafuta ni ya Redio Tanzania Dar es Salaam.

Halafu kuna ushabiki. Wa Msondo ataandika kwamba Mlimani Park “iliiba” wanamuziki. Wa Sikinde atasema “walikombolewa”. “Walihamia” inatosha, mradi sababu ifuate: Mlimani Park ilikuwa ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983, kampuni hiyo ilipofilisika, bendi ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Msomaji akipewa mwajiri na mwaka, ataelewa uhamaji ule vizuri kuliko kwa sifa yoyote.

Mimi ningefuta “haina mpinzani” popote nilipoikuta, hata kwa bendi niipendayo. Mahali pake ningeweka jina la mpiga gitaa, la mtunzi, na la gazeti lililoandika habari zao wakati huo.