"Unaishi wapi?": jibu la Bulyaga kwa Kiingereza cha mdomo

Swali linaloangusha watu katika usaili wa Kiingereza mara nyingi ndilo jepesi kuliko yote: unaishi kwenye nyumba ya namna gani? Mtu aliyesoma sekondari nzima kwa Kiingereza, pengine na chuo juu yake, hujibu kwa sentensi moja kisha akanyamaza. Mwingine hujibu kwa sentensi tano nzuri mno, ila si zake. Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja. Tukitafute kwa kumchukua, kwa mfano tu, mpangaji wa Bulyaga, kata iliyo ndani ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, anayejiandaa kufanya mtihani wa IELTS ili aombe nafasi ya masomo nje.

Kwanza, mtihani wenyewe unavyokwenda. Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, mtahini mmoja na mtahiniwa mmoja, na mazungumzo hurekodiwa. Dakika 4 hadi 5 za mwanzo ni maswali ya maisha ya kila siku, na makazi ni mada ya kudumu hapo. Kisha mtahiniwa hupewa kadi yenye jambo la kueleza, mathalani jengo analolipenda. Anajiandaa kwa dakika moja, halafu anazungumza peke yake kwa dakika 1 hadi 2. Dakika 4 hadi 5 za mwisho ni mjadala mpana zaidi unaotokana na kadi ile. Alama hutolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Hakuna kigezo cha tano cha uzuri wa nyumba.

Hilo la mwisho ndilo watu wengi hulisahau. Mpangaji wetu anafungua kitabu cha mazoezi kilichotungwa kwa ajili ya watu wa miji mikubwa ya ng'ambo, anakuta jibu la mfano, analikariri: "I live in a cosy apartment with a stunning view of the city skyline." Kisarufi halina kosa. Balaa linakuja kwenye swali la pili, pale mtahini anapouliza ni kitu gani hasa kinachoonekana dirishani. Sasa mtahiniwa ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kutafuta Kiingereza, na kubuni dirisha ambalo hajawahi kusimama mbele yake. Sentensi iliyotoka mbio inafuatwa na kigugumizi, na tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayomwambia mtahini kwamba jibu la kwanza lilikaririwa. Amefunzwa kuisikia.

Wa sentensi moja naye ana shida ileile kwa upande wa pili. Yeye hakuazima nyumba ya mtu, ila ameionea haya ya kwake. Chumba na sebule vya kupanga, choo cha nje, jiko la nje, kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo: anaona hayo si ya kusemwa mbele ya mgeni, basi anasema "I live in a house" na kufunga mdomo. Wote wawili wamekubaliana kimyakimya kwamba nyumba halisi haina maneno ya Kiingereza. Wamekosea. Nyumba halisi ndiyo yenye maneno mengi zaidi, kwa sababu ndiyo yenye sababu.

Tazama kinachotokea kila kitu kinapoulizwa "kwa nini". Kuta ni za matofali ya kuchoma. Kwa nini? Kwa sababu udongo wa kufyatulia upo na mafundi wake wapo. Paa ni la bati. Bati linafanya nini? Tukuyu iko kwenye mwinuko unaopita mita 1,500, chini ya Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 2,960, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ikipiga mvua kubwa juu ya bati lisilo na silingi bodi, mazungumzo yanakatika. Hayo matatu yakipangwa kwa Kiingereza cha kawaida kabisa, jibu limekamilika:

"I rent a room and a sitting room in Bulyaga, a part of Tukuyu town. The walls are burnt brick, because bricks are made in the area. It rains for most of the year, and the roof is iron sheets with no ceiling, so when the rain is heavy we just stop talking."

Hakuna neno gumu hata moja hapo. Lakini hesabu kilichofanyika. Kuna kitu, kuna sababu yake na kuna tokeo lake, vikiungwa na "because", "and", "so" na "when". Kigezo cha mtiririko kimeguswa, cha sarufi kimeguswa kwa sentensi zenye vishazi tegemezi, na msamiati ni mahususi: matofali ya kuchoma, mabati, dari. La muhimu zaidi, swali lolote litakalofuata lina jibu. Ungebadilisha nini? Ningepiga silingi bodi. Unapenda sehemu gani ya nyumba? Jiko la nje, kwa sababu mwezi wa Juni na Julai Tukuyu hutetemesha, na hapo ndipo penye moto. Nyuma ya nyumba kuna nini? Migomba, na pengine mparachichi, kwa kuwa Rungwe imekuwa wilaya ya maparachichi ya kusafirishwa nje. Mtahiniwa habuni chochote, anatafsiri macho yake tu, na akili yote inabaki kwa ajili ya lugha.

Yapo makosa madogo ambayo mada hii huyafichua kuliko mada nyingine. La kwanza ni irabu. Kiswahili hakitofautishi "live" na "leave", na mtahiniwa akivuta irabu ya neno la kwanza, anamwambia mtahini kwamba anaondoka Tukuyu badala ya kuishi humo. La pili ni jiko: wapo wanaogeuza "kitchen" ikawa "chicken", nyumba ikawa na kuku mkubwa uani anayepikiwa chakula. La tatu ni vihusishi. Kiambishi chetu cha -ni kinatosha kwa mjini, mezani, mlangoni na darini, ilhali Kiingereza kinataka "in" ya mji, "on" ya ghorofa na "at" ya anwani. La nne ni mwenye nyumba, anayeanza kuwa "he" na kumalizia "she", kwa kuwa "yeye" wetu hachagui jinsia. Haya yote hayahitaji lafudhi ya London. Lafudhi ya Kinyakyusa haipunguzi alama maadamu mtu anaeleweka, lakini "leave" na "live" zikichanganywa, maana yenyewe inapotea.

Sasa kadi. "Eleza jengo unalolipenda." Hapa mkazi wa Tukuyu hukimbilia Dar es Salaam, kwenye minara pacha ya Benki Kuu, ambayo pengine ameiona mara moja akiwa ndani ya basi. Baada ya kusema ni mirefu na ina vioo, hana la kuongeza, na bado dakika nzima haijaisha. Nyumbani kwake kuna jengo linaloweza kujaza dakika mbili bila taabu: boma la Wajerumani. Mji wenyewe ulianza kama makao ya utawala wao. Walikuwa na kituo cha Langenburg kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wakahamia huku juu kwenye baridi na kupaita Neu Langenburg, yaani Langenburg mpya. Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia na kuutwaa mji. Boma likabaki, na ofisi za serikali zikaendelea kuwamo.

Kwa jicho la sarufi, kadi hii ni zawadi. Habari za jengo la zamani zinataka kauli ya kutendwa: lilijengwa, likatekwa, linatumiwa. Kiswahili kinaitengeneza kauli hiyo kwa -w- tu, na mzungumzaji ameizoea tangu utotoni, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kupata umbo lake la Kiingereza: "it was built", "it was taken", "it is still used". Katika dakika moja mtahiniwa amepitia wakati uliopita na wakati uliopo bila kujilazimisha, maana historia ya jengo ndiyo iliyomvusha. Ile dakika ya kujiandaa isitumike kuandika sentensi. Aandike mambo manne tu: nani, lini, limejengwaje, na leo linafanya nini. Kalamu ikishaanza kuandika sentensi, mdomo utataka kuzisoma.

Mjadala wa mwisho ndio unaotisha zaidi, na Bulyaga ina utajiri mkubwa zaidi hapo. Chukua swali kama hili: je, vijana waishi na wazazi au wahame? Wengi hujibu kwa maneno ya jumla kuhusu uhuru na gharama. Mtu wa Rungwe ana ushahidi usio na mfano wake. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza vijiji vya marika: wavulana wa kuanzia miaka kumi hivi waliondoka nyumbani, wakajenga vibanda vyao pamoja na wenzao wa rika moja, wakalala huko, huku wakirudi kula kwa mama zao. Basi kuhama na kubaki vilikuwa kitu kimoja. Mtahiniwa akianza na "In the past, boys in my area used to build their own village", kisha akalinganisha na leo, ambapo kijana anahama kwa kupanga chumba karibu na kazi, amepata hoja, ulinganisho na wakati wa mazoea ya zamani kwa mkupuo mmoja. Na mtahini, aliyesikia neno "uhuru" siku nzima, ameamka.

Mazoezi yake yawe vipi? Mbinu ya 4/3/2, ambayo Paul Nation wa New Zealand aliiandikia makala mwaka 1989, inafaa mada hii kuliko nyingi. Mtu anazungumza jambo moja kwa dakika nne mbele ya msikilizaji mmoja, anarudia lilelile kwa dakika tatu mbele ya wa pili, kisha kwa dakika mbili mbele ya wa tatu. Mara ya tatu hatafuti tena cha kusema, kwa hiyo mwendo unaongezeka na vituo vya kusitasita vinapungua. Kubadilisha wasikilizaji ni muhimu, maana kunamlazimisha aeleze upya badala ya kukariri. Asiyepata watu watatu atumie simu: ajirekodi, asikilize mara moja akiwinda kosa la aina moja tu, labda "live", kisha arekodi tena. Akiwinda yote kwa pamoja hatakamata hata moja.

Na kabla ya hayo yote, asianze na orodha ya msamiati. Aizunguke nyumba aliyomo, na kila kitu akiulize kwa nini kiko hivyo. Sababu asizozijua akamuulize fundi aliyeijenga au mwenye nyumba, kwa Kiswahili au kwa Kinyakyusa. Jibu likishaeleweka kwa lugha ya nyumbani, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kinachobaki ni Kiingereza tu, na Kiingereza cha matofali, mvua na bati hakihitaji kamusi nene.