Jiwe la Mugere na majina yasiyochongwa



Kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Kila nikiwauliza wanafunzi jiwe hilo lasema nini, hunijibu kuwa Wazungu wawili walifika hapa. Nikiuliza nani aliwapigia makasia, darasa hunyamaza.

Wawili hao walitoka Ujiji kwa mtumbwi ili kujua kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka. Wakaona unaingia. Lakini mwaka 1858, Burton na Speke walipofika Uvira, wana wa Sultani Maruta walikwisha kuwaambia hivyo hivyo, na Burton mwenyewe akaliandika neno lao. Katika msafara ule alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi Bara Hindi, akarudi Afrika. Baadaye aliwaongoza wapagazi wa Speke na Grant, akawa na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyevuka bara zima kati ya 1873 na 1875. Jiwe halimtaji.

Kosa si la jiwe peke yake. Sisi walimu wa fasihi twafundisha riwaya na tamthilia, tukiviacha vitabu vya safari vilivyoandikwa kwa Kiswahili chenyewe: Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Velten mwaka 1901, na Maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe. Tippu Tip hapotezi wino kusifu milima. Yeye hueleza bei ya pembe, deni, ugomvi na watawala. Kwake bara si pori lisilojulikana, bali ni nchi ya watu wenye majina.

Hata hivyo, kukumbuka si kusifu. Misafara hiyo ilibeba pembe na watumwa, na Warundi walipigana na Rumaliza aliyetaka kuiingia nchi yao. Kiswahili chetu kilifika kwa njia hiyo hiyo, nasi hatuna haja ya kuificha. Ukimsoma Tippu Tip, jiulize pia wapagazi wake wangesema nini lau wangeshika kalamu.

Napendekeza basi vitabu hivi viwili viingie katika masomo yetu. Na siku tutakapowapeleka wanafunzi Mugere, tuwape kazi moja: waandike majina yanayokosekana.