Hesabu ya Tanuu

Aliyepata kumtazama mchoma chokaa wa kikale akipanga tanuu lake, magogo chini kwa duara na mawe ya matumbawe juu yake, atakumbuka kwamba mzee yule hakuyarundika ovyo, bali aliyachagua kwa mkono, akakadiria kuni ziyatoshazo, na kabla ya moto kuwashwa alikwisha kujua kadiri ya chokaa itakayotoka.

Ilimu hiyo, ikitiwa katika tarakimu, ndiyo hesabu ya kemia niipendayo kuliko zote. Jiwe safi la chokaa la ratili 100 likiungua barabara huacha chokaa ratili 56. Na zile 44 hazikupotea, zimepanda kwa sura ya hewa ya ukaa isiyoonekana kwa jicho, ambayo Joseph Black, tabibu wa Uskoti, aliithibitisha kwa mizani yake katika maandishi yaliyotoka mwaka 1756. Ukiimwagia maji, chokaa ile hushika ratili 18, ikawa unga laini wa ratili 74; lakini fundi mwenye akili huzidisha, kwani mengi huondoka kwa mvuke, na punje iliyokosa maji husubiri hata ikapakwa ukutani, ndipo ivimbe na kuipasua lipu. Kisha hesabu hufikia uzuri wake: mwaka baada ya mwaka ukuta huvuta ratili 44 za hewa ile ya ukaa, ukayarudisha maji yale 18, hata mwisho zikawa ratili 100 za jiwe, kama zilivyokuwa kabla ya moto. Sijui shairi ambalo vina vyake vimetimia kuliko hivyo.

Leo, wallahi, kijana hukariri uwiano, akabonyeza kikokotoo, akapata jibu sahihi pasipo kujiuliza zile 44 zimekwenda wapi. Na katika Mji Mkongwe wa Unguja saruji imepakwa juu ya kuta za kale zilizozoea kupumua kwa chokaa, unyevu na chumvi vikafungiwa ndani, na mawe yakaanza kuliwa. Uzembe ni ule ule: hapana aliyeuliza kinachoingia na kinachotoka.

Nawasihi walimu wetu, kabla mlinganyo haujaandikwa ubaoni, wekeni mizani mezani. Mwanafunzi alipime jiwe kabla ya moto na baada yake, na huo upungufu autafute mwenyewe.